Ndoo ya Sitini na Tatu

Hii imenifikia leo asubuhi kutoka kwa wifi yangu, naye alitumiwa na mtu wa kwaya, na huyo wa kwaya sijui aliitoa wapi. Nimeisoma mara mbili nikaona si vizuri nikae nayo peke yangu. Ila tafadhali, usirukie funzo lililo chini. Wengine mna tabia hiyo, nawajua.

Huko milima ya Upare kulikuwa na kijiji chenye bomba moja tu. Wakati wa kiangazi maji yalifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, yakifika saa tatu yanafungwa mpaka kesho yake, ili tangi lipate kujaa tena. Kwa hiyo watu walipanga ndoo zao foleni tangu alfajiri, wakaziacha pale, wakaenda kukamua ng'ombe na kuwasha moto. Hakuna aliyeogopa kupitwa. Kijijini hapo walisema ndoo ni mtu. Ukiiruka ndoo ya jirani yako, umemruka yeye mwenyewe, na utalisikia hilo mpaka Krismasi. Foleni ikisogea, aliye nyuma anaisukuma ndoo ya mbele yake kwa mguu, nayo inakwenda.

Mwenyekiti wa kamati ya maji aliitwa Kajiru. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu mwadilifu, mwenye shati la mfuko mmoja na sheria nyingi. Sheria alizitunga mwenyewe, akaziandika kwa rangi kwenye ukuta wa tangi. Kila nyumba ndoo mbili. Ndoo ikifika bombani mwenyewe hayupo, aliye nyuma ataijaza, maji yasimwagike bure. Nyumba itakayokosa kutoa mtu kwenye msaragambo mara tatu, yaani ile kazi ya pamoja ya kuchimba mtaro kila Alhamisi, haitachota mpaka mvua zinyeshe. Na ndoo yoyote isiyo na haki itatobolewa.

Kwa ajili ya sheria hiyo ya mwisho, Kajiru alitembea na msumari wa inchi tatu mfukoni. Hakuwahi kuutumia, lakini alipenda watu wauone.

Nyumba iliyonaswa na sheria ya msaragambo ilikuwa moja tu, ya mama mmoja aitwaye Namsifu. Alikosa Alhamisi tatu mfululizo. Namsifu aliishi na mama yake mzazi, Bibi Nakiete, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja. Bibi yule alipaswa kugeuzwa mara kwa mara na kuoshwa kila siku, la sivyo mgongo wake ungefanya vidonda. Wanaouguza watu wa namna hiyo wanajua vidonda vya mgongo ni kitu gani. Vikishaanza, mgonjwa hana muda mrefu.

"Kila nyumba ina mgonjwa," Kajiru alisema kwenye mkutano.

"Kila nyumba ina mtu wa kumwachia huyo mgonjwa," Namsifu akajibu. "Mimi sina."

"Sheria haina macho, dada yangu."

"Ndiyo maana inakanyaga watu."

Mkutano mzima ukacheka. Kajiru hakucheka, na nyumba ya Namsifu ikafutwa kwenye orodha. Zikabaki nyumba thelathini na moja, ndoo sitini na mbili. Maji mengine yaliyokuwepo yalikuwa ya korongoni, saa nzima kushuka na zaidi ya saa nzima kupanda. Sasa akienda korongoni, mama yake anageuzwa na nani?

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja Kajiru alihesabu ndoo kwenye foleni, akapata sitini na tatu.

Akahesabu tena kuanzia mwisho kuja mwanzo. Sitini na tatu.

Lazima nikwambie jambo moja kuhusu huyu Kajiru. Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Hata msibani, kabla hajatoa pole, alikuwa ameshauliza marehemu alikula nini siku ile. Ndoo moja iliyozidi ilimwingia kichwani ikakaa.

Akazikagua moja moja mpaka akaipata. Ilikuwa ya kijani, imepauka kwa jua, ina mfuniko wa bluu usiokuwa wake.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Mwenyewe yupo," wakasema akina mama.

"Yupo wapi?"

"Atakuja."

Mara Mzee Mrindoko, ambaye nyumba yake ni ya kwanza ukitoka bombani, akaanza ugomvi juu ya mtaro uliobomoka. Kajiru akageuka kumjibu. Alipogeuka tena, ndoo ya kijani haikuwepo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa pia. Ndoo inakuja, inasukumwa, inajaa, halafu inatokea sababu ya mwenyekiti kugeuza shingo, na ndoo imekwisha ondoka.

Utauliza, hakumshuku Namsifu? Ah, alimshuku siku ya kwanza kabisa! Alikwenda mpaka kwenye ua wake akachungulia. Akaona ndoo zake mbili nyekundu zimefunikwa chini ya ukuta, kavu kabisa, buibui ameshajenga. Akarudi ameridhika, akaanza kuwashuku wengine wote.

Ikafika mahali chakula hakipiti.

"Mama Mbonea," akamwambia mkewe, "ile ndoo ya kijani yenye mfuniko wa bluu unaifahamu?"

"Ndoo za kijani ni nyingi duniani, baba Mbonea. Kula, ugali unapoa."

Na kulikuwa na jambo lingine. Mwinjilisti alikuwa amesafiri, na Jumapili ile Kajiru ndiye aliyepangiwa kutoa neno kanisani. Somo lilikuwa kumpenda jirani. Alikuwa amekaa na daftari tangu Jumatatu akitafuta mfano wa kuwagusa watu, hajaupata. Ijumaa jioni akapiga meza kwa kiganja.

"Nimeupata mfano! Kesho namkamata huyu mwizi wa maji. Jumapili namsimamisha mbele ya kanisa. Huwezi kusema unampenda jirani huku unamwibia maji."

Mama Mbonea aliokota vyombo, akaenda kuviosha.

Jumamosi, jua halijachomoza, Kajiru alikuwa bombani na ndoo zake mbili. Ndoo ya kijani ilikuwa imeshafika, ya kumi na moja kutoka mbele. Nyuma yake alikuwa Mama Senkondo, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye asubuhi hiyo hakuwa na ucheshi wowote.

"Mama, nipishe hapa nyuma ya hii ya kijani," Kajiru akasema. "Leo sibanduki hapa."

Mama Senkondo akamtazama, akaitazama ndoo, akampisha.

Maji yakafunguliwa. Foleni ikasogea. Ndoo ya kijani ikabaki pale, na kwa kuwa aliye nyuma alikuwa Kajiru, Kajiru akaisukuma kwa mguu bila hata kufikiri. Ikasogea tena, akaisukuma tena. Akina mama wakawa wanatazama miguu ya mwenyekiti, wanatazamana wao kwa wao, wanatazama chini.

Ndoo ikafika bombani. Hakuna aliyejitokeza. Maji yakawa yanamwagika kwenye mawe.

"Mwenyewe yuko wapi?" Kajiru akapaza sauti.

Akina mama wakajishughulisha na ndoo zao.

"Mwenyekiti," akasema Mzee Mrindoko, "maji yanapotea."

"Nasubiri mwenyewe."

"Sheria inasemaje?"

Kajiru alijua inasemaje, maana ilikuwa ukutani mbele ya macho yake, kwa mwandiko wake. Aliye nyuma ataijaza. Akainama akaiweka ndoo chini ya koki, akaijaza mpaka juu. Nyuma yake mtu alikohoa, kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Haya. Akaiweka pembeni, akaketi juu ya jiwe karibu nayo, msumari mfukoni. Moyoni akasema, ndoo tupu unaweza kuisahau, lakini ndoo iliyojaa wakati wa kiangazi, nani ataiacha?

Mama Mbonea alikuja akachukua ndoo za nyumbani kwao, akaondoka. Watu wakaisha mmoja mmoja. Saa tatu maji yakafungwa. Mama Senkondo alirudi mara tatu, mara amesahau mfuniko, mara amepoteza kandambili, na kila alipomkuta Kajiru amekaa alipumua kwa nguvu akageuka.

Wewe unayesoma umeshajua, sina haja ya kukuficha. Maji yale yalikuwa ya kumwoshea Bibi Nakiete. Siku ile ilikuwa zamu ya Mama Senkondo kuyapeleka. Kajiru akiendelea kukaa, bibi analala na uchafu wake mpaka kesho. Kajiru akimjua mwenye ndoo, ndoo inatobolewa, na bibi haoshwi tena mpaka mvua. Kwenye nyumba zote kijijini watu waliinua shingo kutazama upande wa bombani, na mwenyekiti amekaa tu kama kuku aliyeatamia.

Ilipokaribia saa nne mkewe alirudi.

"Baba Mbonea, ukikaa hapo mpaka Pasaka hutamjua. Huyo mwenye ndoo si wa kuja."

"Sasa nifanye nini?"

"Kama kweli unataka kujua, ibebe. Pita nayo nyumba kwa nyumba, uliza. Mwenyewe akiiona atajulikana kwa macho."

Kajiru aliona hilo ni wazo la akili. Akashika mkono wa ndoo akainuka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mrindoko.

"Si yangu," mzee akasema. "Lakini usirudi nyuma. Mwenyewe yuko huko mbele."

"Unamjua?"

"Nimesema yuko mbele."

Akaendelea. Njia ilianza kupanda, na ndoo ya lita ishirini si mchezo kwa mtu aliyezoea kubeba daftari. Kabla hajafika nyumba ya pili, mkono wa waya ukachomoka upande mmoja, kwa sababu tundu lake lilikuwa limechakaa. Ndoo ikayumba, robo ya maji ikamwagika njiani.

"Aa! Maji yangu!" Kajiru akapiga kelele.

Hebu msikie. Maji yake.

Akatafuta kitu cha kuufungia ule waya. Hakukuwa na kamba wala kijiti cha maana. Akapapasa mfukoni, akakuta msumari. Akatoboa tundu jipya chini kidogo ya ukingo, akaupitisha msumari, akaukunja kwa jiwe, akauzungushia waya. Basi ndoo ikatobolewa kweli, kama sheria ilivyotaka, na ikabebeka vizuri kuliko mwanzo.

Nyumba ya pili wakasema si yao, yuko mbele. Ya tatu, mama mwenye nyumba alimtazama alivyolowa ubavu mzima, akamhurumia.

"Si yangu, mwenyekiti. Lakini hivyo unavyobeba utaimwaga yote. Hebu inama."

Akamwekea ngata ya majani ya mgomba kichwani, akamtwika. Jamani! Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee wa kanisa, ndoo kichwani, mikono miwili juu, shingo imekaza. Watu walitoka mpaka milangoni. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mmoja alisema tu, "Polepole hapo kwenye kona, kuna utelezi."

Alipita kona, na kila nyumba iliyofuata ikamwambia hivyo hivyo, yuko mbele. Mbele ikabaki nyumba moja, na njia ikaishia hapo.

Kajiru akasimama. Sasa ndipo alipoelewa.

Hasira ilimpanda, sikudanganyi. Kijiji kizima kilikuwa kimemfanya mjinga! Alifikiri aimwage palepale. Lakini kuishusha ndoo peke yake kutoka kichwani hakuweza, na kurudi nayo bombani, mbele ya milango yote ile, hakuweza pia. Halafu, na hili alilisema mwenyewe baadaye, alikuwa ameyachota, akayasukuma, akayatengenezea ndoo, akayapandisha mlima. Yalikuwa yamemgharimu. Alishindwa kuyamwaga.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Karibu," Namsifu akajibu kutoka ndani. "Samahani, nimemshika mama siwezi kutoka. Weka pale pa siku zote. Mungu akubariki sana, leo nilishaanza kukata tamaa."

"Siwezi kuishusha."

Namsifu akatoka. Alipomwona nani yuko chini ya ile ndoo, akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamtoka kabla ya neno.

"Kumbe leo umekuja mwenyewe!"

"Mwenyewe vipi?"

"Mwenyekiti, usijifiche tena." Akamtua ndoo, akayamimina maji kwenye beseni, akaigeuza ndoo juu chini. "Si jina lako hili?"

Chini ya ndoo kulikuwa na rangi nyekundu, ile ile ya ukutani. KAJIRU. Aliandika mwenyewe mwaka uliopita, walipoibiwa ndoo, kisha ilipopasuka mfuniko mkewe akasema ataiweka stoo.

"Kila siku naikuta hapo kwenye ua imejaa, anayeileta simwoni," Namsifu akasema. "Siku ya kwanza nilipoona jina, nikamwambia mama, mwenyekiti ameona vigumu kubadili neno lake mbele ya mkutano, ameamua kusaidia kimya kimya. Nikanyamaza nisije nikakuharibia. Unisamehe maneno yangu ya mkutanoni, kaka yangu. Niliyasema kwa uchungu."

Kutoka ndani, sauti ya kizee ikauliza, "Ni yeye?"

"Ni yeye, mama."

"Mlete nimwone."

Kajiru akaingia. Bibi Nakiete alikuwa amelala ubavu, anangoja kuoshwa. Aliunyosha ule mkono wake mzima, akaushika wa Kajiru.

"Nakuombea kila siku," akasema. "Nikishaoshwa tu, kabla sijanywa uji, nakutaja kwa jina. Mgongo wangu hauna hata kidonda kimoja. Mwambie, Namsifu."

"Hauna hata kimoja," Namsifu akasema.

Hapo mtu mwingine angejibu, "Amina, mama, ni wajibu," akanywa chai akaenda zake. Kajiru alikuwa na makosa mengi, lakini uongo haukuwemo.

"Mama, si mimi," akasema. "Sikuleta hata tone. Niliitafuta hii ndoo wiki nzima ili niitoboe."

Bibi hakuuachia mkono wake.

"Leo nani ameijaza?"

"Mimi."

"Nani ameibeba?"

"Mimi, mama."

"Kutoka bombani mpaka hapa juu? Wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sikuomba bure." Akamgeukia binti yake. "Namsifu, mpe mwenzio maji ya kunywa. Amepanda mlima, ona anavyohema."

Namsifu akachota kikombe kimoja kutoka kwenye yale maji, kabla ya kuyachemsha kwa kumwoshea mama, akampa kwa mikono miwili. Kajiru akanywa huku analia. Tangu aanze kugawa maji ya kijiji kile, wanasema ndiyo mara ya kwanza kuonja ladha yake.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe anachambua mchicha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Na wewe ukishakataa hurudi nyuma, hata ukijua umekosea. Nikaona nikutume na ndoo tu."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watu wanapenda kusikia nani kakamatwa. Kajiru alisimama mbele bila daftari, ameshika ndoo ya kijani.

"Nilikuwa nimejiahidi kuwaletea mwizi wa maji," akasema. "Nimempata. Kwa wiki tatu sasa amekuwa akiondoka hapa Jumapili ameimba habari za upendo, na Jumatatu anamnyima jirani maji ya kumwoshea mama yake. Jina lake limeandikwa hapa." Akaigeuza ndoo, wote wakasoma.



"Kuanzia kesho nyumba ni thelathini na mbili," akaendelea. "Mtu anayeuguza amesamehewa msaragambo, Alhamisi zake nitachimba mimi. Ila bado hawezi kuja bombani, kwa hiyo hii ya kijani ibaki kwenye foleni. Nasikia mna zamu zenu. Nipangieni na mimi."

Mama Mbonea akajibu kutoka safu ya akina mama, bila hata kusimama.

"Jumamosi, baba Mbonea. Na ngata uwe nayo mwenyewe."

Kanisa likacheka, Kajiru naye akacheka, na mahubiri yakaishia hapo. Haya, sasa unaweza kuituma kwa mwingine. Lakini kabla hujaituma, chungulia kwanza nyumba ya mwisho ya njia yenu.

Funzo: Upendo wa Kristo haumngoji mtu awe mwema ndipo abebe maji, mara nyingi ukiyabeba maji ya jirani yako mpaka mlangoni kwake, moyo wako nao unafika hapo, hata kama ulitoka nyumbani na msumari mfukoni.